Nguvu Zikiisha, Tufanye Nini? Somo Kutoka Ufuo wa Gatete



Mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo ambalo kila nyumba inalijua, lakini ni wachache wanaolisema kwa sauti. Ni ile siku unapoamka na mwili unakataa. Homa huna, usiku ulilala, lakini kuinuka mkekani ni kama kubeba gunia la mihogo. Ndoo iko pale mlangoni, tupu. Watoto wanataka uji. Foleni ya bomba inazidi kurefuka. Na wewe umelala chali unaangalia turubai la paa, unajiambia, "Nitaamka nikipata hamu." Saa tatu inafika, saa nne inafika, hamu yenyewe haijaja.

Watu wengi wana jina la haraka kwa hali hii: uvivu. Mume anamwambia mke, mama anamwambia kijana wake, jirani anamsema jirani huko bombani. Sasa yule aliyekuwa amechoka anaongezewa na aibu juu yake, na kesho yake kuinuka kunakuwa kugumu zaidi. Nyumba ngapi zimegombana kwa sababu ya neno hilo moja! Ndiyo maana tunaomba leo tuliweke pembeni kidogo, tuangalie jambo lenyewe lilivyo.

Uchovu huu unatoka wapi?

Kwanza, unatoka tumboni. Tusidanganyane hapa. Mgao ukipunguzwa, na nguvu zinapungua. Mtu anayekula mara moja kwa siku hawezi kushindana na yule anayekula mara tatu, na hakuna maneno matamu yatakayobadilisha hilo. Kama hiyo ndiyo hali ya nyumbani kwako, usijilaumu kwa kuchoka. Panga kazi nzito ziwe karibu na saa ya chakula, zile nyepesi zibaki kwa saa nyingine.

Pili, unatoka kwenye ugonjwa uliojificha. Malaria, minyoo, upungufu wa damu: hivi vinaweza kumchosha mtu kabla hajajua kwamba anaumwa. Mama mjamzito au anayenyonyesha yuko katika hatari zaidi ya kupungukiwa na damu. Ukiona unachoka kila siku, unapata kizunguzungu ukisimama, au viganja na midomo vimekuwa vyeupe, nenda kituo cha afya upimwe. Kwa uchovu wa namna hiyo dawa ni dawa. Kujikaza hakutoshi.

Tatu, unatoka moyoni. Sisi tunasema mtu "ana mawazo". Ana watu aliowazika, au aliowaacha njiani hajui kama wako hai. Ana nyumba na shamba ambavyo sasa vina mwenyewe mwingine. Mawazo hayabebwi kichwani kama kuni, lakini yanachosha kuliko kuni.

Nne, na hili wengi hatulitambui, unatoka kwenye kungoja. Wengi wetu tulikuwa watu wa kazi. Kuna waliovua Rumonge, Gatete na Nyanza-Lac, na wengine ng'ambo kule Uvira na Baraka. Kuna akina mama waliouza mawese na ndagala sokoni, wakajua kila siku saa ya gari na bei ya debe. Huku kambini siku nzima ni kungoja: kungoja mgao, kungoja kuitwa jina, kungoja habari za kurudi au kuhamishwa. Mikono ikikaa bure muda mrefu, na moyo nao unalala.

Wavuvi na siku za mwezi

Sasa tuwatazame wavuvi, maana wao wana jambo la kutufundisha.

Ukienda Gatete, au popote kwenye ufuo wa Rumonge, utakuta kwamba uvuvi wa ndagala ni kazi ya usiku wa giza. Mvuvi anatoka na taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri. Ndagala wanavutwa na ule mwanga, wanakusanyika chini yake, na nyavu zinainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake unaenea ziwa zima. Taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kukusanya samaki. Kwenda majini siku hizo ni kupoteza mafuta na kuchosha mikono bure. Kwa hiyo wavuvi wengi wanazipumzisha ngalawa na mitumbwi yao kwa siku kadhaa kila mwezi, mpaka giza lirudi.

Je, mvuvi siku hizo anajiita mvivu? Hapana. Analala kidogo, kweli, maana ana usingizi wa wiki nyingi. Halafu utamkuta amekaa chini ya kivuli, amenyoosha miguu, nyavu ziko mapajani, anashona pale palipochanika. Mwingine anaziba mtumbwi unaovuja. Ni kazi ndogo ya kukaa chini, lakini giza likirudi, yule aliyeshona atapata samaki, na yule ambaye hakushona, samaki watapita kwenye tundu.

Ndivyo ilivyo kwa siku zetu za nguvu kidogo. Zinakuja kama siku za mwezi, na zinapita. Siku hiyo usijilazimishe kazi ya siku ya nguvu. Lakini usiikabidhi yote kwa mkeka. Tafuta tundu moja la kushona.

Hamu haitangulii

Wengi tunaamini kwamba hamu inakuja kwanza, halafu kazi inafuata. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba mara nyingi ni kinyume chake. Unaanza kazi bila hamu, na hamu inakuja nyuma, ukiwa tayari umeshashika ufagio.

Angalia huo mzunguko ulivyo. Umechoka, kwa hiyo unaacha kufanya mambo uliyozoea. Ukiyaacha, siku inakosa jambo la kukufurahisha wala la kukuonyesha kwamba unaweza. Kichwa kinabaki na mawazo tu. Mawazo yanakuchosha zaidi, na kesho unaacha mengine. Mzunguko huu hauwezi kukatwa kwa kujiambia "usifikirie sana", kwa sababu mawazo hayatii amri. Lakini mikono inatii, hata kidogo. Basi unaukatia hapo, kwenye mikono.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo kwa watu waliopita kwenye shida nzito. Ni mikutano 5 tu, na moja ya mambo yanayofundishwa ni hilo hilo: kuinuka, kuanza na jambo dogo, na kuendelea nalo. Mengine ni kupumua polepole ili mwili utulie, kuyapanga matatizo na kuanza na lile linalowezekana, na kutafuta watu wa kukusaidia. Mafunzo hayo yalijaribiwa katika mitaa ya Nairobi, Kenya, kwa wanawake zaidi ya 500, wengi wao waliopita kwenye ukatili. Waliofundisha hawakuwa madaktari, walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: wale waliofundishwa walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida.

Sasa, "jambo dogo" ni dogo kiasi gani? Dogo kiasi kwamba hata siku yako mbaya kabisa unaliweza. Tuseme umerundikiwa nguo za watoto wanne. Ukijiambia "leo nafua zote", utaziangalia tu mpaka jioni. Jiambie, "Naloweka mashati mawili." Basi, hayo mawili. Ukimaliza na nguvu ikaja, endelea. Isipokuja, umefua mashati mawili, na watoto wawili wana shati la shule. Kufagia uwanja mzima ni kazi, lakini kufagia mlangoni ni dakika tano. Kusoma daftari lote la mwaka kunamtisha kijana, lakini ukurasa mmoja kabla ya jua kuwaka anauweza.

Na jambo hilo lipe saa yake. Usiseme "baadaye". Sema "nikishanywa uji" au "watoto wakishaenda shule". Kazi yenye saa inakuita yenyewe. Kazi isiyo na saa unaifikiria mchana kutwa, na kuifikiria tu kunachosha.

Chagua kazi ambayo utauona mwisho wake

Watu wa Rumonge wanajua michikichi. Ukipanda mche leo, utangoja miaka mitatu au minne kabla ya kukata mkungu wa kwanza. Ni kazi njema, ndiyo iliyolisha familia nyingi kule, lakini moyo uliochoka hauwezi kuishi kwa michikichi peke yake. Unahitaji na lengalenga. Ukimwaga mbegu za lengalenga kwenye gunia la udongo kando ya nyumba, ukamwagilia kwa maji uliyooshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, wiki ya kwanza unaona kijani, na wiki ya tatu au ya nne unachuma mboga. Macho yanaona kwamba mkono umefanya jambo.

Maisha yetu ya ukimbizi yamejaa mambo ya michikichi: kesi ya karatasi, kurudi nyumbani, elimu ya watoto. Hayo hatuyaachi. Lakini kila wiki hakikisha una lengalenga yako, kazi ndogo inayoisha ukaiona imeisha. Inaweza kuwa kusuka kikapu, kushona shati lililotatuka, au kumfundisha mtoto kuandika jina lake.

Wazee wetu wamepita njia hii. Mwaka 1972, baada ya machafuko yaliyoanza tarehe 29 Aprili huko kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini, maelfu ya familia walikimbilia Tanzania. Walipelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba, na miaka michache baadaye Mishamo, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Ilikuwa ni msitu. Kulikuwa na mbung'o na wanyama wakali. Watu wale walikuwa wamepoteza ndugu wengi, na hatuwezi kusema kwamba waliamka kila siku na hamu. Lakini mvua hazingoji hamu ya mtu. Mti mmoja ulikatwa, halafu mwingine. Tuta moja, halafu la pili. Kufika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe kwa jembe lao, na mwaka 1985 UNHCR iliikabidhi Mishamo kwa serikali ya Tanzania.

Kuanzia mwaka 2008, zaidi ya watu 50,000 kati yao na watoto wao walirudi Burundi. Wengi wa waliorudi Rumonge, Gatete ikiwemo, walikuta mashamba ya wazazi wao yana watu wengine waliokaa humo miaka mingi. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ililetewa migogoro mingi ya namna hiyo, na katika miaka yake ya mwanzo ilihimiza watu kugawana. Hebu fikiria kuchoka huko: umengoja miaka 36, umefika, na hujafika. Hata hapo ilibidi mtu achague la kufanya kesho asubuhi, kesi ikiwa bado inaendelea. Kesi ilikuwa mchikichi. Chakula cha jioni kilikuwa lengalenga.

Usijiinue peke yako

Kuna nguvu ambayo mtu hana kwa ajili yake mwenyewe lakini anayo kwa ajili ya mwenzake. Unaweza kushindwa kwenda bombani kwa ajili yako. Lakini jirani akisimama mlangoni na kusema, "Dada, maji yameanza kutoka, twende," utajikuta umesimama.

"Leo sina nguvu, mama Esperance. Nenda tu."

"Nimekusikia. Basi chukua kile kidumu kidogo, kikubwa nitakusaidia. Tutatembea polepole."

Angalia mama huyu alivyofanya. Hakumwita mwenzake mvivu, wala hakumhubiria. Amempunguzia mzigo, lakini hakumwacha mkekani.

Nchini Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza wanakijiji wenyewe wanauitaje ugonjwa wa moyo uliokata tamaa. Waliambiwa majina mawili ya Kiganda, moja likielezea mtu anayejichukia na lingine mtu anayejihurumia hadi kulemewa. Halafu wakaunda vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa kwa wiki mbili. Vikundi vilikaa mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, saa moja na nusu kila mara. Watu walisema yanayowasumbua, wakashauriana, na wiki iliyofuata wakaulizana ilikuwaje. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kati ya waliokaa kwenye vikundi, chini ya watu 7 katika kila 100 ndio waliobaki na ugonjwa huo. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, walibaki zaidi ya watu 50 katika kila 100.

Tunachojifunza ni kwamba watu wa kawaida, wakikaa pamoja kwa siku inayojulikana, wakaambiana ukweli na kuulizana wiki iliyofuata, wanaweza kuinuana. Kambini tuna vikundi vya kushona, vya kwaya, vya kuweka akiba, vya kusuka mikeka. Usikiache kikundi chako siku ya uchovu. Siku hiyo ndiyo unakihitaji. Nenda hata kama utakaa kimya. Na wewe kiongozi wa kikundi, mtu akikosa mara mbili mfululizo, usimkate jina, mtume mtu akamwangalie.

Wanaume, hili ni letu pia. Mara nyingi mwanaume aliyepoteza kazi anaficha uchovu wake kwa hasira au kwa chupa. Pombe inakufanya usahau jioni moja, lakini inaharibu usingizi, inakula hela ya mboga, na asubuhi inakurudisha ukiwa umechoka kuliko jana. Baba anayesema, "Leo moyo wangu ni mzito, naomba mnivumilie," hajapungukiwa na ubaba. Watoto wake wamejifunza kwamba uzito una jina na unaweza kusemwa.

Wakati kujikaza hakutoshi

Si kila uchovu unaisha kwa kuinuka. Ukiona huzuni au kukosa hamu kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Ukiona mtu ameacha kula, halali au analala mchana na usiku, hajali tena watoto wala mwili wake. Huyo anahitaji msaada wa kituo cha afya au wa wale wanaohudumia mambo ya mawazo. Mwambie mhudumu wa afya wa jamii, atajua pa kumpeleka. Si kichaa, na si laana. Ni ugonjwa, na una matibabu.

Na mtu akisema afadhali afe, au amechoka kuishi, usimkemee wala usicheke. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoeni dawa, kamba na visu karibu naye, na mmpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama ni wewe msomaji unayewaza hivyo, mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijazama.

Jaribuni wiki hii

1. Kila mtu nyumbani achague "tundu moja la kushona": kazi ndogo ya dakika tano au kumi kwa siku ya nguvu kidogo. Iandikeni, au msemezane, ili siku hiyo ikija usihangaike kuchagua.

2. Kazi hiyo ipewe saa yake: baada ya uji, baada ya sala, baada ya shule.

3. Tafuta mwenzako mmoja wa kugongeana mlango asubuhi. Kama leo amekuinua wewe, siku nyingine utamwinua yeye.

4. Toka nje asubuhi, hata kama ni kukaa tu mlangoni juani. Ukishaona watu na mwanga, kurudi mkekani kunakuwa kugumu kidogo.

5. Jioni, kabla ya kulala, kila mmoja ataje jambo moja alilolimaliza. Hata kama ni mashati mawili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Nyumbani kwetu tunamwitaje mtu aliyechoka? Jina hilo linamsaidia au linamzidishia? Ni kazi gani tuliyoifanya kule tulikotoka ambayo mikono yetu bado inaikumbuka, na kipande gani chake kinawezekana hapa? Jirani gani hatujamwona bombani wiki hii?

Swali hilo la mwisho, ndugu msomaji, usilijibu kwa mdomo tu. Ukiliweka gazeti hili chini, nenda ukamgongee mlango.